Mifupa ya Machimboni

Miezi kumi na mmoja ilikuwa imepita tangu Kidosho aage kwenda chuoni asirudi, na mama yake, fundi cherehani, alikuwa amekonda akabaki macho tu. Mpelelezi alipompigia simu kwamba mabaki ya mwanamke yameokotwa kwenye machimbo ya kokoto, hakuuliza mengi. Alikwenda na wifi yake hadi maabara ya uchunguzi wa jinai, binti wa vinasaba akampitisha pamba ndani ya shavu, akaambiwa arudi baada ya wiki tatu. Wiki zote hizo hakushona hata kifungo.

Siku ya majibu waliingizwa katika chumba kidogo kinachonuka dawa. Binti wa vinasaba alikuwepo, pamoja na daktari wa meno na mzee mmoja, mtaalamu wa mifupa.

"Mama," mzee alianza, "mwanao alikuwa na miaka kumi na tisa. Umri huo mtulinga, huu mfupa wa hapa chini ya shingo, ncha yake huwa haijaungana. Wa huyu umeungana zamani, na uti wa mgongo umeanza kulika. Huyu ni mtu wa miaka arobaini na kitu."

"Labda umekosea hesabu."

Daktari wa meno akafungua faili. "Kadi ya kliniki inasema Kidosho aling'olewa gego la chini, kushoto. Huyu analo."

Fundi akamgeukia binti wa vinasaba, kama anayeomba kura ya mwisho. Binti akatikisa kichwa. "Hamna undugu, mama. Nimepima mara mbili."

"Mungu mkubwa!" wifi akaropoka. "Basi huenda mtoto yu hai!"

Lakini fundi alikuwa ameshapiga magoti, kang'ang'ania koti jeupe la mzee.

"Niandikie tu kuwa ni yeye. Nakuomba, baba. Nimechoka kutega sikio mlangoni. Nipe nizike, nilie kama wenzangu."

"Siwezi, mama."

"Nani atajua?"

Mzee akachuchumaa mpaka wakalingana macho. "Huyu naye ana watu wake. Nikikupa wewe, wao watamtafuta mpaka waingie kaburini."

Vidole vya fundi vikalegea, kimoja kimoja. Wifi akamwinua, wakatoka.

Walipofika getini simu ya wifi ikaita. Alikuwa kaka yake, baba Kidosho.

"Vijana wamefika na majembe. Waanze kuchimba kaburi?"

Wifi akamtazama fundi.

"Waambie warudi makwao," fundi akasema. Kisha akageuka, akarudi peke yake hadi dirisha la mapokezi.

"Samahani, mwanangu. Wiki hii hamjaletewa mtu mwingine?"

Karani akapekua daftari lake taratibu. "Bado, mama."

"Haya. Nitapita tena Jumatatu."