Kelele za Bwana Kimya

Jirani wa upande wa kushoto alibandikwa jina la Bwana Kimya, na msidhani ni kwa sababu alikuwa mpole. Mdomo wake ulitosha mtaa mzima. Jina alilipata kwa kuwa hakuna siku iliyopita bila yeye kudai kimya kutoka kwa wenzake. Mwenye redio alisemwa, mwenye kuku alisemwa, hata mpita njia aliyepiga chafya karibu na dirisha lake alisemwa. Sasa zamu ilikuwa ya fundi cherehani, na safari hii Bwana Kimya hakuishia kubwata mlangoni. Alifunga safari mpaka ofisi ya mipango miji.

Fundi alishonea sare za shule sebuleni kwake, na hilo peke yake halikuwa kosa. Sheria za eneo la makazi zilimruhusu mtu kufanya biashara nyumbani, mradi aishi humo humo, asitundike bango kubwa, wateja wasijazane barabarani, na kelele zisivuke ukuta. Mengine yote fundi aliyatimiza bila jasho. La kelele ndilo Bwana Kimya alilolishikilia kama kupe. Nyumba zao zilishikana, ukuta ulikuwa mmoja, naye aliapa mbele ya maofisa kwamba cherehani ya mwanamke yule inanguruma kutwa, na usiku wa manane pia.

Hilo la usiku ndilo lililomchoma fundi. Mchana anashona, hakatai. Lakini usiku! Usiku yeye hulala fofofo, ungeweza kumbeba na godoro lake ukampeleka popote asijue. Ajabu ni kwamba watu walianza kumtilia shaka. Hata mumewe, dereva wa malori aliyekuwa safarini, alimuuliza kwenye simu, "Lakini kweli hushoni usiku, mke wangu?" Fundi alimkatia simu, akalia kidogo, kwa hasira wala si kwa huzuni.

Kibali cha kushonea nyumbani akinyimwa, ingembidi akapange chumba sokoni. Cherehani ingehama bila matata. Asiyehamishika ni mama mkwe wake, aliyevunjika nyonga na sasa alikuwa wa kitandani, kwenye chumba kilichotazamana na sebule. Mlango wa chumba hicho haukufungwa mchana. Fundi akishona, sikio moja liko kwenye mshono, la pili liko kwa mama. Akikohoa, mguu unaachia pedali. Kumwacha peke yake kutwa nzima kusingewezekana, kwa hiyo ndugu wa mume walikuwa wameshakubaliana: kibali kikikosekana, mama atapelekwa kwa mwanawe mkubwa, mji wa mbali, akaangaliwe na mfanyakazi wa ndani.

Watu husema mengi juu ya mama mkwe na mkaza mwana. Hawa wawili walikuwa wamewaharibia kabisa wasemaji. Walipendana, walitaniana, na walisengenya pamoja, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo pendo lenyewe. Sasa sanduku la mama lilikuwa limeshafungwa, limewekwa miguuni pa kitanda, na fundi hakuweza kulitazama.

"Mimi nitakwenda tu, mwanangu," alisema mama asubuhi ya ukaguzi. "Usipoteze kazi kwa ajili ya kibibi kisichoweza hata kujikuna mgongo."

"Mama, hebu nyamaza. Mgongo nitakukuna mimi."

"Na yule jirani, akisikia kucha zako zinapita mgongoni kwangu, si atakwenda kushtaki tena?"

Wakacheka, lakini kicheko cha fundi kilikatikia njiani.

Afisa wa mipango miji alifika, binti mwenye miwani na viatu vya kutembelea, asiyetabasamu ovyo. Alikagua bango, akakagua barabara, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaeleza utaratibu wa jambo la kelele.

"Kipimo chetu cha sauti kimeharibika, kwa hiyo nitatumia masikio yangu," alisema. "Nitakaa kwa jirani. Simu yako ikilia, usipokee. Anza kushona kama unavyoshona kila siku. Nikitosheka nitarudi hapa."

Bwana Kimya, aliyekuwa mlangoni amevaa koti kana kwamba anakwenda kuposa, alimpisha afisa kwa heshima zote. Kabla ya kuondoka alimtupia fundi jicho la kwaheri.

Fundi akakaa kwenye kiti chake. Alikuwa ameipaka cherehani mafuta mara mbili, na chini ya miguu ya meza yake ametandika mkeka uliokunjwa. Simu ikalia. Akaweka kitambaa, akashusha mguu wa cherehani, akakanyaga pedali.

Paa! Mkanda ukakatika.

Ule mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu, uliokaa miaka yote bila neno, ulichagua dakika hiyo hiyo kulala chini kama nyoka aliyekufa. Fundi alibaki ameukodolea macho. Angeweza kumpigia afisa amwambie asubiri. Lakini alimjua jirani yake. Angesema mwanamke ameukata makusudi ili kukwepa, na baada ya yale ya usiku, nani angemwamini fundi? Akajitupa chini akaanza kuushughulikia.

"Mbona kimya?" mama aliita kutoka kitandani.

"Mkanda umekatika, mama!"

"Ufunge!"

"Naufunga!"

"Ufunge haraka!"

"Mama, naufunga!"

Alitoboa tundu kwa msumari, akapitisha waya, waya ukateleza. Akapitisha tena. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu na mikono ikawa myeusi kwa mafuta. Hatimaye waya ukashika. Alikuwa ndiyo kwanza anaurudisha mkanda kwenye gurudumu, bado amepiga magoti, aliposikia hatua mlangoni, na sauti ya Bwana Kimya ikitangulia mbele ya hatua.

"Umejionea mwenyewe, mheshimiwa! Mimi nilisema mkaniona mchokozi! Si ukuta ulikuwa unanguruma? Si glasi yangu ilikuwa inatetemeka mezani?"

"Nimesikia," alisema afisa, na uso wake haukuwa na furaha. "Mama, samahani sana. Kelele ni kubwa, umeanza hata kabla sijakupigia, na zinavuka ukuta. Siwezi kuandika vinginevyo."

Fundi aliinuka polepole, mikono imechafuka mpaka kwenye viwiko. Hakuelewa hata neno moja. Alichoelewa ni kwamba ameshindwa, kwa hiyo aliamua kusema ukweli tu, liwalo na liwe.

"Zipi hizo, dada? Mimi sijashona. Mkanda ulikatika nilipokanyaga tu. Tazama, nguo haina hata mshono mmoja."

Afisa aliitazama nguo. Aliutazama mkanda wenye waya, akaitazama mikono ya fundi. Kisha akamgeukia Bwana Kimya, ambaye mdomo wake ulikuwa wazi na, kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa ule, hakukuwa na kitu kinachotoka humo.

"Basi nimesikia nini?" aliuliza afisa.

Wakaongozana wote kwenda upande wa pili, fundi nyuma, akifuta mikono kwenye kanga. Ngurumo ilikuwepo, nzito, inatoka ukutani. Glasi kweli ilikuwa inatetemeka. Afisa akainamisha sikio akaifuata sauti hiyo hatua kwa hatua, akapita meza, akapita kabati, akasimama mbele ya friji kuukuu iliyoegemezwa mgongo kwenye ukuta ule ule. Akachomoa waya wa umeme. Friji ikapiga kwikwi moja, ikanyamaza, na nyumba nzima ikanyamaza nayo.

"Inawaka usiku pia?" aliuliza afisa.

"Friji... friji huwaka muda wote," alijibu Bwana Kimya, kwa sauti ndogo ambayo mtaa haukuwahi kuisikia.

Fundi aliikazia macho friji ile. Usiku wa manane! Kumbe mtu alikuwa amekosa usingizi kwa friji yake mwenyewe, akamshtaki yeye, akamtia doa hadi kwa mumewe. Alitaka kumtukana. Alimtazama akiwa amenywea ndani ya lile koti, akaona hana haja.

"Bado sijasikia cherehani," alisema afisa. "Tumalize kazi. Rudi ukashone, nami nitabaki hapa. Nitakupigia."

Fundi alirudi mbio, akajifunga kibwebwe. Simu ilipolia, alikanyaga pedali, na mkanda wa waya ukashika. Alishona kwa roho yake yote. Alishona kola, akashona bega, akageukia mfuko. Simu ikalia tena. Akaipuuza, si aliambiwa asipokee? Ikalia mara ya tatu. Akaipokea kwa kidole chenye mafuta.

"Mama, mbona huanzi?" aliuliza afisa. "Nakusubiri."

"Dada yangu," alisema fundi, na machozi yakamtoka hapo hapo, "niko kwenye mfuko wa pili!"

Kwenye simu yule binti asiyetabasamu ovyo akaangua kicheko. Kutoka kitandani mama mkwe, aliyekuwa akifuata kila neno, alipiga kigelegele kimoja kirefu. Hicho, nadhani, kilivuka ukuta.

Afisa alirudi akasaini kibali juu ya meza ya kukatia, akampa fundi mkono, mafuta na yote. Bwana Kimya alichungulia mlangoni. Alikohoa.

"Jirani," alisema, "humfahamu mtu anayetengeneza friji hapa mtaani?"

"Yupo," mama aliita kutoka chumbani. "Lakini hafanyii kazi nyumbani, baba. Anaogopa majirani!"

Bwana Kimya akaenda zake. Fundi aliingia chumbani akiwa ameshika kibali kwa ncha za vidole asije akakichafua, akakaa ukingoni mwa kitanda. Mama alimtazama, akamfuta jasho kwa ncha ya shuka. Halafu akaelekeza kidole miguuni pake.

"Haya, nitolee nguo zangu kwenye sanduku," alisema. "Zitakunjamana."