Magesa Ameacha Sigara

Magesa alipoacha sigara, Katoro nzima, mji wa wachimba dhahabu, ilijua. Miaka kumi na tisa alivuta pakiti kwa siku. Kisha mimba ya pili ya mkewe, Philomena, ikaharibika, na muuguzi Zuhura wa zahanati akamkalisha chini akamweleza bila kumung'unya maneno.

"Kila ukivuta, chembe haribifu zinazaliana mwilini mwako, na mwilini mwa mkeo anayevuta hewa yako. Zinakula kwa ndani kama kutu inavyokula bati. Ukiacha, mwili unaanza kujisafisha wenyewe. Hata wiki hazitapita nyingi."

Magesa alitaka mtoto kuliko alivyotaka dhahabu. Philomena aliposhika mimba ya tatu, Magesa aliikanyaga pakiti yake mlangoni na hakugusa tena sigara. Hilo tumpe, ni haki yake.

Ila mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, kila mtu anavuta, na Magesa aliona akiendelea kukaa pale atarudia. Wenzake walikuwa wakichomea hukohuko donge la dhahabu na zebaki, ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Yeye akawa anakwenda na donge lake nyumbani. Alilitia kwenye kijiko cha chuma, kijiko akakiweka juu ya mkaa, jikoni kwa mkewe. Zebaki ikiruka haina harufu, wala haitoi moshi wa kumtia mtu shaka. Na kwa kuwa kaa la moto lilimtamanisha sigara, yeye alitoka nje, akamwachia Philomena kukiangalia kijiko. Mwanamume mzima karuka majivu kakanyaga moto, tena kwa miguu ya mwenzake.

Miezi ikapita. Kifua cha Magesa kikafunguka, akawa anabeba viroba vya mawe bila kuhema, na anawacheka wavutaji. Philomena akaanza kutetemeka mikono, na fizi zikavuja damu. Siku alipommwagia chai, mumewe alimsimanga mbele ya majirani.

"Mimi nimeacha sigara kwa ajili yako. Wewe kikombe tu kinakushinda?"

Philomena alimwomba radhi. Masikini, aliamini kweli amekuwa mvivu.

Mwezi wa saba wa mimba mtoto alizaliwa pale zahanati, amekufa. Zuhura aliitazama ile mikono ya Philomena inayotetemeka, halafu akawauliza yeye na mumewe nani anachoma zebaki nyumbani.

"Mimi," alisema Philomena. "Mume wangu hawezi kukaa karibu na mkaa."

Zuhura alifunga mlango. Aliwaambia kwamba hewa ya zebaki huleta kutu ileile ya sigara, na mbaya kuliko hiyo, na humfikia mtoto tumboni. Philomena aligeukia ukutani. Magesa, kofia mkononi, aliuliza lililomhusu yeye mwenyewe.

"Kwa hiyo mimi sigara niliacha bure?"

"Hapana, Magesa," alisema Zuhura. "Wewe umepona."