Mama Mkwe Alipotafsiri

Mama mkwe alivuta kiti akakaa katikati ya chumba cha mshauri nasaha kama hakimu. Mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa, fundi cherehani aliyekuwa kiziwi tangu utotoni, alibaki amesimama karibu na mlango.

"Huyu hasikii, hasemi," mama mkwe alimwambia mshauri. "Nilikuwa matroni shule ya viziwi, alama zao nazijua zote. Siku hizi hashoni, hali, ukimgusa bega anaruka. Tumechoka naye."

Mshauri alimtazama fundi mwenyewe. "Mwulize, mlango tuufunge au tuuache wazi?"

"Hee! Mlango nao unaombewa ruhusa?" Hata hivyo aliuliza. Fundi alionyesha kwa kidole: wazi kidogo.

Kila aliyeingia pale aliulizwa hivyo. Kaka yake mshauri, naye kiziwi, aliwahi kutupwa mahabusu kwa kuwa eti alikataa kuwajibu askari. Alipotoka hakuweza tena kulala chumba kikiwa kimefungwa. Kumuuguza kaka huyo ndiko kulikomtoa mshauri kwenye uhasibu, akaenda kusomea kazi hii. Na alama alizijua kabla hajajua kusoma, ila mama mkwe hakuambiwa hilo.

"Haya, mwulize kinachomsumbua."

Fundi hakumtazama mama mkwe. Alimkazia macho mshauri, mikono ikaenda haraka: *Mume wangu akisafiri, shemeji anaingia chumbani kwangu. Mama anajua.*

"Anasema anaota ndoto mbaya," mama mkwe alitafsiri, hata kope hazikumcheza.

Mikono ilimwasha mshauri kujibu. Lakini akijifichua sasa, binti huyu angerudi nyumbani na mama huyuhuyu, na cha moto angekiona. Akaibana mikono mapajani.

"Nimesikia, mama. Sasa naomba utusubiri nje. Kila mgeni wangu hukaa nami peke yake kidogo."

"Utaongeaje na bubu bila mimi?"

"Tutachora."

Mama mkwe akaangua kicheko. "Choreni basi, watoto wa chekechea!" Akatoka, lakini kivuli chake kikabaki kwenye upenyo wa mlango.

Mshauri alisogeza kiti, mgongo wake ukaziba upenyo, akasema kwa mikono: *Nimekuelewa tangu mwanzo. Pole.*

Fundi aliruka, akakumbatia mkoba wake. *Usimwambie!*

*Simwambii. Hapa unaamua wewe. Ukitaka kurudi, tutapanga namna ya kujilinda. Hutaki, nitakusaidia kupata pa kukaa.*

Fundi aliufungua mkoba, akaufunga tena. Mshauri hakumharakisha wala hakumgusa. Nje, viatu vilianza kukwaruza sakafu.

*Shangazi yangu,* fundi alisema hatimaye. *Mpigie.*

Shangazi alikuwa bado kwenye simu ya mshauri, akisema anakuja mara moja, mlango uliposukumwa. "Mmemaliza michoro?"

Fundi alisimama, uso umemkauka. Alisema kwa alama, na mshauri akatafsiri kwa sauti, neno kwa neno: "Mama, sirudi kwako. Mwanao mdogo anaingia chumbani kwangu, na ulijua."

Mama mkwe alimgeukia mshauri, mdomo wazi. "Kumbe wewe..." Alichukua kanga yake, akatoka bila kuaga.

Fundi alikaa palepale sakafuni. Mshauri naye akakaa chini, mbali kidogo, wakamsubiri shangazi.