Mama Phyllis Haombi Akiwa Ameketi

Jumapili mchana Chelimo alimvika mama yake, Phyllis, soksi, nazo zikateleza zenyewe hadi kwenye kifundo. Wiki tatu za nimonia kitandani zilikuwa zimemaliza nyama ya miguu iliyopanda vilima vya chai miaka arobaini.

"Homa imeisha," mtaalamu wa mazoezi alikuwa amewaambia. "Kinachommaliza sasa ni kule kulala. Ainuke kitini mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, bila kuvutwa. Na ale mayai, maharagwe na maziwa."

Mayai alikula. Kuinuka alikataa.

"Nimezaa watu saba, Chelimo. Nichezeshwe kama mtoto wa nasari?"

Kesho yake Chelimo alikuwa anarudi kazini kiwandani. Mama angeshinda peke yake, na choo kilikuwa nyuma ya zizi la ng'ombe. Akianguka huko, nani angesikia?

Wanawake sita wa kanisa wakapiga hodi, Eddah wa jirani akiwa mbele na sufuria ya maharagwe. Walikuwa wamekuja kila siku, na kwa upendo wao hawakumwacha mgonjwa anyanyue hata kikombe.

"Umetolewa kitandani mbona, Mama? Rudi ulale, sisi tuko," Eddah alisema.

Hapo Chelimo akakumbuka. Tangu abatizwe, mama yake hakuwahi kuomba akiwa ameketi. Walipomwombea kitandani, alifunika uso kwa aibu.

"Leo msiombe pamoja," Chelimo alisema. "Tusimame mmoja aombe, tuketi, kisha mwingine."

"Kwani Mungu amekataa kwaya?" Eddah aliuliza, wenzake wakacheka.

Mama akamtazama binti yake. "Umepanga nini wewe?"

"Maombi tu, Mama."

Eddah akasimama. Mama akashika kiti, akainuka nusu, akarudi chini kwa kishindo. Eddah akanyoosha mikono amdake.

"Mwache, tafadhali," Chelimo alisema, ingawa yeye mwenyewe alitaka kumdaka.

Mara ya pili Mama akasimama. Wote walifumba macho isipokuwa Chelimo, aliyeyatazama yale magoti yakitetemeka mpaka "Amina". Baada ya ombi la sita Mama alikuwa akihema, jasho likimtiririka.

"Bado nne," alisema. "Nilimsikia yule mtaalamu. Mimi si kiziwi."

Siku hiyo hakuzimaliza.

Jumatatu alfajiri Chelimo alifika langoni, akashindwa kutoka. Ndani kiti kililia, kisha kimya kikawa kirefu mno. Akageuka arudi mbio. Ndipo aliposikia sauti ya mama yake, nyembamba, ikimwombea Kipkirui, kifungua mimba. "Amina." Kiti kikalia tena. Akaombewa wa pili, kwa shida, na wa tatu. Wa saba alikuwa Chelimo mwenyewe.

Watoto waliishia hapo. Chelimo akakaza mkono kwenye komeo, akasikiliza.

Kiti kikalia. Wa nane alikuwa Eddah.

Chelimo akafungua lango, akaenda kazini.