Mtumiaji wa Kawaida

Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, timu ya usanifu ilibandika vijikaratasi vya kunata kwenye ukuta wa chumba cha mikutano. Vya njano vilikuwa malalamiko, vya kijani sifa. Kila kimoja kilibeba sentensi ya mgonjwa aliyeijaribu programu mpya ya simu ya kuomba miadi hospitalini. Vya njano viliujaza ukuta mpaka vikakata kona karibu na dirisha. Mkuu wa kitengo, mwanamume mwenye viatu vya bei na mawazo ya mkopo, alivitazama kana kwamba ni vyombo vichafu vya jirani.

"Hizi ni kelele," alisema. "Sisi tunatafuta mwelekeo."

Kuupata mwelekeo kulimchukua muda mfupi kuliko kuvua koti. Wagonjwa walioshindwa kumaliza kuomba miadi aliwatoa kwenye hesabu, kwa sababu hawakumaliza, na asiyemaliza hana cha kupimwa. Waliobaki walikuwa wamemaliza. Msanifu wa skrini akaandika ubaoni kwamba watumiaji wote wanamaliza, akalipigia mstari neno "wote", na chumba kizima kikapiga makofi. Watu wazima, wenye shahada zao.

Mtafiti, binti aliyewahoji wagonjwa wale, alibandua kijikaratasi kimoja cha njano. Kilikuwa cha shangazi yake. Figo za shangazi zilikuwa zimechoka, na kila wiki alisafishwa damu kwa mashine. Akikosa, anavimba miguu na pumzi inakata. Miadi aliiomba kwenye dirisha dogo pale hospitalini, na dirisha hilo lilikuwa lifungwe ili programu ichukue nafasi yake. Kwenye majaribio, namba ya uthibitisho ilimfikia ikafutika kabla hajaisoma. Alirudia mpaka jasho likamtoka, kisha akasema, "Mwanangu, hii simu inanikimbia. Mwambieni mwenye nayo anisubiri kidogo."

"Tukiongeza tu muda wa ile namba, wengi kama yeye wataweza," alisema mtafiti.

"Huyo ni mtu mmoja," alijibu mkuu. "Mtu mmoja si mwelekeo."

Mtafiti alikuwa na la kusema, akalimeza pamoja na chai.

Kesho yake walimkuta Mtumiaji wa Kawaida ameketi chumba cha mikutano. Alikuwa amejumlishwa na kugawanywa vizuri. Umri wake ulitoka kwenye orodha ya wagonjwa ya hospitali, kwa hiyo alikuwa wa makamo, uso umeanza mikunjo. Nusu ya waliobaki kwenye hesabu huvaa miwani, basi miwani yake ilikuwa na kioo upande mmoja. Sauti yake ilikuwa ya kike mpaka karibu na mwisho wa sentensi, ambapo ilikuwa ya mwanamume. Alikuja na watoto wawili na nusu. Yule wa nusu, aliyeanzia kiunoni kwenda juu, alipakatwa na msanifu wa skrini wakati wa kikao, na hakusumbua.

"Umeionaje programu yetu?" aliuliza mkuu.

"Ni rahisi," alisema Mtumiaji wa Kawaida. "Labda buluu ikolee kidogo."

Mkuu nusura alie kwa furaha. Miaka yote alikuwa amesumbuliwa na watu, na sasa amepata mtumiaji. Hakuna aliyetumwa tena hospitalini kuhoji mgonjwa. Kila wazo lililomjia mkuu bafuni lilipelekwa kwa Mtumiaji wa Kawaida, naye akaliona rahisi. Buluu ilikolezwa, ikapunguzwa, ikakolezwa tena. Muda wa namba haukuguswa.

Dirisha lilifungwa. Shangazi alijaribu simu peke yake, akakosa wiki hiyo. Miguu ilianza kuvimba. Mtafiti aliomba ruhusa kazini, akaketi naye kitandani, akamsomea namba haraka haraka mpaka wakaingia. Nafasi zote zilikuwa zimechukuliwa na Mtumiaji wa Kawaida. Programu ilishonwa kwa kipimo chake, na kuomba miadi kwake kulikuwa kama kupepesa jicho.

Walikwenda hospitalini hivyo hivyo. Kwenye kiti cha shangazi, Mtumiaji wa Kawaida alikuwa amenyoosha mkono, damu yake safi ikiingia kwenye mashine na kutoka ilivyoingia.

"Shikamoo, mama," alisema muuguzi. "Huyu ana miadi. Wewe huna."

"Marahaba. Kwani anaumwa nini?"

"Figo. Kidogo tu, kwa wastani."

Shangazi alishika ukingo wa kiti apate pumzi. "Mwenzangu, niachie kwa leo tu."

Mtumiaji wa Kawaida alimtabasamia bila ubaya wowote. "Huduma ni rahisi," alisema. Hakuwa amepewa sentensi nyingine ya maana.

Mtafiti alirudi ofisini, na safari hii hakumeza kitu. Alimwambia mkuu mbele ya wote kwamba mtu wao anakalia kiti cha shangazi yake, na shangazi anakufa. Alilia akisema hivyo. Mkuu alimpa kitambaa cha karatasi.

"Pole sana," alisema. "Lakini umesikia ulichosema? Viti vimejaa."

Shangazi alikufa Alhamisi. Wengine waliozoea dirisha lile wakafuata, mmoja leo, mwingine keshokutwa, kimya kimya. Hospitali ikafuta majina yao kwenye orodha, kama inavyotakiwa.

Wiki iliyofuata Mtumiaji wa Kawaida alipanda ngazi za ofisi akiruka. Mikunjo ilikuwa imemfutika usoni, mgongo umenyooka, nywele zimekuwa nyeusi. Mkuu alimzunguka kwa fahari, akaitisha mkutano wa wakubwa siku hiyo hiyo, akawaambia kwamba tangu programu ianze kazi, wagonjwa wamerudi ujanani. Wakubwa walisimama kumpongeza. Mtafiti, aliyetoka msibani siku hiyo, alikaa kwenye kompyuta akiwaonyesha picha ukutani.

"Inayofuata," alisema mkuu.

Mtafiti akabonyeza.