Kabla Mika Hajajibu Shtaka

Ida alijua jambo ambalo karani hakulijua wala jaji hakulijua: moto ule aliuwasha yeye. Alikuwa akichoma majani ya shamba la ulezi kule Matembwe, upepo ukamzidi nguvu, moto ukaruka mfereji na kuteketeza miti ya miwati ya Mzungu jirani. Askari wa mtwa, chifu wa eneo lile, walipofika, Ida alikuwa akimnyonyesha mtoto wake Emilia. Mumewe, Mika, akatoka nje akasema, "Ni mimi." Basi. Mwanamume yule hakuwa mtu wa maneno.

Baraza la mtwa lilimfunga miezi mitatu, aponde kokoto za barabara kule Makambako. Aliimaliza yote, akarudi kidole kimoja kimepinda, hakinyooki tena. Ida alidhani yamekwisha. Yaishe wapi! Mwenye miwati alisema adhabu ile ni mchezo wa watoto, akaenda polisi, na Mika akakamatwa upya kwa kuchoma mali makusudi, asubiri kesi Mahakama Kuu itakapofika Njombe. Watu wakanong'ona kwamba atafungwa miaka kumi na minne. Ida aliacha kula.

Aliyewaonyesha njia ni Laurenti, karani wa baraza la mtwa, aliyefunga miwani yake kwa uzi na kuamini vitabu kuliko watu. Alifuatana na Ida hadi mahabusu ya bomani.

"Kamwene, baba Emilia," alimwambia Mika. "Watakusomea shtaka, kisha watakuuliza ni kweli au si kweli. Usijibu! Sema kwanza una pingamizi, kosa hili umekwisha kuadhibiwa. Mtu hafungwi mara mbili kwa kosa moja. Sheria ni msumeno, ndugu yangu, leo acha iwakate wao."

Mika aliitikia kwa kichwa. Ida alielewa: ili mumewe aokoke kwa njia hiyo, ilibidi asimame mbele ya jaji kama mtu aliyechoma kweli. Ukweli nao ungemtoa, lakini ungemwingiza yeye Ida.

Siku ya kesi ukungu ulikuwa umeilalia Njombe hata bendera ya boma haikuonekana. Jaji aliketi na joho lake jekundu, wazee wawili washauri wa mahakama kando yake. Shtaka likasomwa, mkalimani akalitafsiri, akauliza, "Ni kweli au si kweli?"

"Nina pingamizi, bwana mkubwa. Kosa hili nimekwisha kuadhibiwa."

Mwendesha mashtaka aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alidai baraza lilihukumu moto mwingine. Laurenti akafungua kitabu chake cha kesi, lakini humo alikuwa ameandika "moto wa Matembwe" tu, bila kutaja shamba. Jaji akataka shahidi aliyekuwepo.

Ida alimkabidhi mwanamke mmoja mtoto, akaweka mkono juu ya Biblia, akaapa.

"Moto aliofungiwa mumeo na moto wa shtaka hili ni mmoja?" jaji akamwuliza.

"Ni mmoja."

"Unajuaje?"

"Nilikuwa shambani. Niliuona ulipoanza mpaka ulipofika kwenye miwati."

Neno lililobaki lilikuwa moja tu, kwamba aliyeuwasha ni yeye. Mika alimtazama, akatikisa kichwa polepole. Ida akarudi kumchukua mtoto, na aibu ikamjaa mwili mzima. Hakuna aliyemwuliza nani aliyewasha.

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Kisha mkalimani akasema shtaka limefutwa, mshtakiwa aende zake.

Walitembea kurudi Matembwe mpaka walipouacha mji nyuma. Hapo Ida akasimama.

"Baba Emilia, siwezi. Jumapili nitamwambia mchungaji, kisha nitakwenda kwa mtwa. Wajue hukufanya lolote, kwamba kule Makambako uliteseka bure."

"Bure?" Mika aligeuka. Ida hakuwahi kumwona na hasira ile. "Siku zote zile nilijua napondea nini. Asubuhi nikiamka na baridi nilijua uko nyumbani na mtoto. Ndicho kitu nilichokupa, mama Emilia, sina kingine. Sasa unataka kunirudishia?"

Ida alilia palepale barabarani, na hakwenda kwa mtwa, Jumapili ile wala nyingine yoyote.