Uamuzi wa Chia-ying

Kabla ya saa nne asubuhi Chia-ying alikuwa ameshakwenda chooni mara tano. Watu wa njia aliyokuwa akipita kugawa barua, vilimani juu ya bandari ya Keelung, walishamzoea. Kinyozi na muuza supu ya samaki walikuwa wakimwachia mlango wa choo wazi. Tumbo lilikuwa limetuna chini ya koti la mvua, hata bibi mmoja wa ghorofa ya tatu akampongeza kwa ujauzito. Naye alikuwa na miaka arobaini na sita, hajaolewa, na hedhi yake ilikuwa ikimtoka siku kumi mfululizo kila mwezi.

Daktari Weng, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alimwonyesha kwenye picha: fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi, moja kubwa kama balungi iliyokibana kibofu cha mkojo, na tatu ndogo. Mishipa inayoulisha uvimbe ingeweza kuzibwa, ungesinyaa, lakini kwa ukubwa ule usingekwisha. Ungeweza kukatwa uvimbe peke yake, kizazi kikabaki. Hapo damu hupotea nyingi, na fibroidi huweza kuota tena. Au kitolewe kizazi chote, vifuko vya mayai vikiachwa. Vyovyote vile, kwanza sindano za miezi mitatu, hedhi isimame na damu mwilini iongezeke. Akafikirie.

Hakufikiri, alihangaika. Alitia barua za watu kwenye masanduku siyo, akakaa, akasimama, akakaa tena. Msimamizi wake wa kazi alimwambia akitoe kizazi, hana kazi nacho. Shangazi alisema vivyo hivyo. Jumapili akaenda kwa dada yake, Shu-min, aliyetolewa chake miaka tisa nyuma. Alimkuta akimenya magimbi.

"Kitoe," Shu-min alisema. "Kwani unakifanyia nini?"

"Usiniulize hivyo, dada."

"Nikuulizeje? Umri huo unangoja mtoto?"

"Singoji mtoto. Nangoja mtu aniulize ninachotaka. Wewe uliulizwa?"

Kisu kikasimama. Shu-min akasema daktari wa wakati ule aliongea na mumewe ukumbini, mume akatia sahihi, na yeye akajua alipozinduka baada ya kupasuliwa.

"Kupona nilipona," alisema. "Lakini nilikuwa pale pale, mdogo wangu. Nina masikio, wangeniuliza."

Hakuwahi kumwambia mtu. Akaendelea kumenya, haraka kuliko mwanzo.

Wiki iliyofuata Chia-ying alimwambia Daktari Weng atoe kizazi chote. Daktari akamtazama.

"Umeamua mwenyewe?"

"Mwenyewe. Sitaki kurudi kupasuliwa mara ya pili. Na karatasi ya kutia sahihi nipe mimi."

Sindano zilimwadhibu: joto likimpanda ghafla, akitoka jasho katikati ya mvua, usingizi ukimkimbia. Lakini damu iliongezeka, na mwezi wa nne tangu aanze sindano akapasuliwa. Siku ya tatu alilia asubuhi nzima bila kujua analilia nini. Shu-min hakumwambia anyamaze. Alimchana nywele, akazisuka vibaya, akazifumua, akazisuka upya.

Alipotoka hospitali alipelekwa kwa dada, apumzike wiki sita, pikipiki yake ya barua marufuku. Wiki ya kwanza na ya pili alilala. Ya tano alianza kupanda ngazi za nyuma ya nyumba, taratibu, mkono ukutani, huku Shu-min akimfokea dirishani arudi alale. Hakurudi.